Bunduki Nyepesi ya Kuwindia Ndege: Uzito Kwanza, Kisha Mahali Mkono Unaposhika

Msomaji mmoja ameniandikia akitaka nimtajie bunduki ya marisau, yaani chembe ndogo ndogo za risasi, iliyo nyepesi kuliko zote kwa ajili ya kuwinda kwale na kanga, akaongeza kwamba wenzake wanamcheka kwa sababu anataka geji 20, yenye tundu la mtutu dogo kuliko la geji 12. Hayo ya kuchekwa nayajua. Niliponunua ya kwangu, mzee mmoja tuliyekuwa tukiwinda naye aliipokea, akaiinua kwa mkono mmoja mbele ya kundi zima na kuuliza kama nimemnunulia mwanangu. Walicheka wote, na hadi leo namkumbuka aliyecheka zaidi. Adhuhuri, tulipokuwa tukipanda kilima cha mawe, mzee yule alikuwa ameitupa geji 12 yake begani kwa uchovu, na kwale wakaruka karibu na miguu yake wakapotea kabla hajaishusha. Mimi nilipata wawili, wala sikusema neno.

Kuwinda ndege wa nchi kavu ni kazi ya miguu kuliko ya kidole, kwa maana mtu hutembea saa nyingi akingoja nafasi ya sekunde chache, na nafasi hiyo humkuta bunduki ikiwa mkononi au isimkute kabisa. Kwa hiyo wepesi si anasa. Hata hivyo, namsihi msomaji wangu asikimbilie iliyo nyepesi kuliko zote. Ganda lile lile la risasi likifyatuliwa katika bunduki ya kilo 2.5, nguvu ya kurudi nyuma huzidi ile ya bunduki ya kilo 3.4 kwa zaidi ya theluthi moja, na bega huanza kuogopa kabla jicho halijalenga. Tena mtutu mwepesi mno huanza kuzunguka haraka na kusimama haraka vilevile, hivyo marisau hupita nyuma ya ndege. W. W. Greener, mtengenezaji bunduki wa Uingereza, anajulikana kwa kanuni kwamba bunduki iwe na uzito wa mara 96 ya marisau inayofyatua. Kwa gramu 28 za marisau hesabu inatoa karibu kilo 2.7, na hapo ndipo geji 20 nyingi nzuri zinapoangukia. Anayetaka kufyatua gramu 36 atafute bunduki nzito, aache kulalamika.

Sasa niseme juu ya kinga ya chuma, yaani tabaka linalokilinda dhidi ya kutu, jambo ambalo wanunuzi wengi hulitazama kwa macho tu. Bunduki nyepesi hubebwa kwa mkono mmoja, kiganja kikiwa chini ya mwili wake, mahali inapopata mizani, na jasho lote la siku hukusanyika hapo hapo. Chuma kilichotiwa weusi wa kale unaoelekea samawati kinapendeza, lakini weusi huo ni tabaka jembamba la oksidi linalotegemea mafuta. Niliwahi kuona bunduki ya namna hiyo iliyofungiwa usiku kucha kwenye mfuko wenye unyevu: asubuhi vidole vinne vilikuwa vimechorwa juu yake kwa kutu ya rangi ya chungwa, hata mikunjo ya ngozi ikisomeka. Rangi ya seramiki au tabaka la kromu hustahimili zaidi jasho, mvua na miiba. Mwili wa aluminiamu hupunguza uzito na haushiki kutu kama chuma, ila chagua ule uliowekewa kipande cha chuma kigumu au titani mahali panapopokea mshindo wa ganda. Usidanganyike kwamba kinga ya nje inalinda kila kitu, kwa kuwa skrubu na springi za ndani bado zinahitaji mafuta.

Kuhusu kitako, mbao ya mjozi iliyopakwa mafuta hukwaruzika upesi, lakini mwenyewe unaweza kuitengeneza kwa kitambaa na subira. Varnishi inayong'aa ikipasuka, maji huingia chini yake. Plastiki ngumu haijali lolote, nami nakiri kwamba sijaipenda.

Mwombe muuzaji akuonyeshe kwamba bunduki ni tupu, kisha ibebe dukani jinsi utakavyoibeba porini, hadi mkono uanze kuchoka, na uwapuuze wanaokutazama. Ikiwa nyumbani una geji 12, usichanganye kamwe maganda ya risasi za bunduki hizo mfukoni. Ganda la geji 20, ambalo kwa kawaida ni la manjano kwa sababu hii hii, huweza kuteleza na kukwama ndani ya mtutu wa geji 12, na ganda la pili likifyatuliwa nyuma yake, mtutu hupasuka karibu na mkono ulioushika.