Miwani ya baiskeli kwa mwenye namba: kifremu cha ndani au lenzi za kukatwa?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Naendesha baiskeli ya barabarani hapa Arusha. Natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kukiwa bado giza, narudi saa tatu jua limeshakuwa kali. Cheti changu cha macho kinasema kulia −4.25, kushoto −3.75 yenye silinda (namba ya kurekebisha jicho ambalo mviringo wake hauko sawa) −1.25 kwa mhimili 170 (nyuzi zinazoonesha silinda imelala upande gani), na PD (umbali kati ya mboni mbili) ni milimita 64. Nina miaka 36. Nimeona mtandaoni miwani ya michezo iliyopinda kufuata uso, inakuja na vioo vitano vya rangi mbalimbali pamoja na kifremu cha ndani cha kuwekea lenzi za namba. Fundi wa duka la miwani ananishauri nisihangaike na kifremu, yeye atanikatia lenzi zangu moja kwa moja kwenye fremu hiyo. Nimsikilize nani? Na hivyo vioo vitano, vyote vina kazi?

JIBU: Kwa namba zako na saa unazotoka, chukua kifremu cha ndani. Vioo viwili vinakutosha, pengine hata kimoja.

Fundi wako ana hoja. Lenzi moja mbele ya jicho ni nyepesi, haishiki mvuke kirahisi na inaonesha pembeni vizuri kuliko lenzi mbili zilizofuatana. Tatizo liko kwenye mpindo wa fremu. Miwani ya michezo hupindwa ili izibe upepo na vumbi, kwa hiyo kila lenzi inakaa imegeukia pembeni, mara nyingi kwa nyuzi 15 hadi 25. Namba yako ilipimwa lenzi ikiwa imekabili jicho moja kwa moja. Ukiigeuza, inaanza kufanya kazi kama namba nyingine.

Tuchukue nyuzi 20. Lenzi ya −4.25 iliyokatwa kawaida itafanya kazi kama −4.41, na juu yake itazaa silinda ya −0.56 kwa mhimili 90 ambayo jicho lako la kulia halikuiomba. Kushoto ni pabaya zaidi. Silinda itakayozaliwa, karibu −0.50 kwa mhimili 90, inakaribia kupingana na ile yako ya mhimili 170, hivyo −1.25 uliyoandikiwa itabaki kama −0.80 na mhimili utasogea hadi kwenye 164 hivi. Lenzi ikiwekwa kwenye mashine ya kupimia itasoma sawasawa na cheti, fundi atakuambia kazi ni safi, nawe utaendelea kuona mashimo ya barabarani yana kivuli na kichwa kikiuma baada ya saa moja.

Maabara zenye mashine za kusaga lenzi kidijitali zinaweza kufidia hilo, lakini lazima zipewe vipimo vya fremu ikiwa usoni mwako: pembe ya mpindo, mwinamo wa kwenda chini, umbali wa lenzi hadi jicho, na PD ya kila jicho peke yake (kutoka katikati ya pua hadi mboni). Muulize fundi swali moja tu: namba zitafidiwa kwa mpindo wa fremu? Akisema hakuna haja, usimpe kazi hiyo. Na zikifidiwa, kumbuka kwamba kwenye mashine ya kupimia lenzi hazitalingana na cheti chako, na ndivyo inavyotakiwa. Maabara huandika kwenye bahasha namba iliyofidiwa, nawe linganisha na hiyo.

Halafu kuna unene. Lenzi ya kutoona mbali huwa nyembamba katikati na nene ukingoni. Kwenye fremu ya michezo, kutoka katikati ya mboni hadi ukingo wa nje ni kama milimita 35. Kwa −4.25 katika polikaboneti, ukingo huo unafika takriban milimita 6. Kwenye kifremu cha ndani umbali huo ni kama milimita 23, na unene unashuka hadi milimita tatu na nusu hivi. Kipande cha milimita 6 kwenye mfereji uliotengenezwa kwa kioo chembamba ama hakikai, ama kinatoka fremu inapopata mshtuko.

Ukikata lenzi za namba moja kwa moja, tena, hadithi ya kubadilisha vioo imeisha: kila rangi unayoitaka ni jozi nyingine ya lenzi za namba na gharama yake. Njia hiyo ningemshauri mtu wa hadi −3 hivi, asiye na silinda kubwa, mwenye fremu isiyopinda sana, na awe tayari kutumia jozi moja ya lenzi zinazojibadilisha rangi.

Sasa kifremu chenyewe. Kwanza angalia kinashika wapi. Kuna vinavyonasa kwenye daraja la pua la fremu na vingine kwenye kioo cha mbele. Cha pili kinamaanisha kila ukibadilisha kioo unang'oa na kifremu, na klipu ndogo ya plastiki haivumilii kung'olewa kila siku. Kifremu cha kampuni moja kwa kawaida hakiingii kwenye miwani ya kampuni nyingine, hata ya mfano mwingine wa kampuni ileile, kwa hiyo nunua vyote pamoja, na ikiwezekana kifremu cha akiba. Kikivunjika baada ya miaka miwili huenda mfano huo hauuzwi tena.

Pili, kiwe bapa kadiri inavyowezekana. Vifremu vingine vimepindwa kufuata kioo cha mbele, na hapo unarudi kwenye hesabu ya nyuzi 20 tuliyoikimbia.

Tatu, PD. Kifremu kidogo kina nafasi ndogo ya kusogeza kitovu cha lenzi, na mafundi wenye haraka huweka kitovu katikati ya tundu basi. Vitovu vikikosea milimita 3 kila upande, kwa namba zako unapata prizimu (lenzi kuuvuta mwanga upande) ya jumla ya karibu dayopta 2.4, na misuli ya macho ndiyo italipa. Mwandikie fundi PD ya kila jicho (mfano 32.5 na 31.5, 64 ya jumla haitoshi) na umpelekee kifremu chenyewe mkononi. Lenzi ikikatwa kubwa kidogo, kifremu kinajikunja au kupasuka; ikikatwa ndogo, inadondoka kwenye matuta. Vile vipande vya plastiki vinavyokuja ndani yake ni vya maonyesho, vinatolewa.

Lenzi ziwe za polikaboneti au Trivex, ile plastiki ya kampuni ya PPG ya Marekani. Zote mbili zinastahimili kugongwa na jiwe. Trivex ina rangi kidogo za ukingoni kuliko polikaboneti, hivyo ukiipata ichukue. Usikubali CR-39, plastiki ya kawaida ya lenzi, kwa sababu ni nafuu: iko sentimita moja kutoka kwenye jicho, na ikivunjika hutoa vipande vikali. Kioo halisi hakifai hata kidogo.

Usiruke koti la kuzuia uakisi, lile wanaloliita AR. Kila uso wa polikaboneti usio na koti hurudisha karibu asilimia 5 ya mwanga. Kioo cha mbele kina nyuso mbili na lenzi ya ndani mbili, kwa hiyo hata kwa kioo cheupe (kisicho na rangi) unapoteza karibu asilimia 19 ya mwanga saa kumi na moja na nusu, wakati ambao huna mwanga wa kupoteza. Lenzi za ndani zikiwa na AR pande zote mbili, hasara inabaki ile ya kioo cha mbele, karibu asilimia 10. Pia taa za gari linalokuja nyuma zitaacha kucheza ndani ya miwani.

Mvuke ndio udhaifu wa kweli wa kifremu. Lenzi mbili zinafunga hewa yenye unyevu katikati, na asubuhi za baridi za Juni na Julai utauona kila ukisimama au ukipanda mlima polepole. Chagua kioo cha mbele chenye matundu ya hewa juu na pembeni. Paka dawa ya kuzuia mvuke upande wa ndani wa kioo cha mbele na pande zote mbili za lenzi za namba, baada ya kuhakikisha chupa inasema inafaa kwa lenzi zenye AR. Ukisimama kwenye taa, shusha miwani kidogo puani ili hewa ipite. Dawa ya meno inayopendekezwa mitaani ina chembe za kusugua, itakwangua koti.

Kuhusu vioo vitano: vya bluu, kijani au njano huwa vinajaza boksi. Njano haisaidii usiku, inapunguza mwanga tu. Kinachopaswa kukuongoza ni kiwango cha mwanga unaopita, ambacho kiwango cha ISO 12312-1 kinakigawa hivi: daraja 0 hupitisha zaidi ya asilimia 80, daraja 1 kati ya 43 na 80, daraja 2 kati ya 18 na 43, daraja 3 kati ya 8 na 18, na daraja 4 kati ya 3 na 8, ambalo halifai barabarani. Wewe unahitaji daraja 0 kabla ya mapambazuko na daraja 3 kuanzia kama saa moja na nusu. Kioo cheupe na kioo cha kahawia cha daraja 3 vinamaliza kazi. Kahawia huonesha nyufa na mchanga juu ya lami vizuri kuliko kijivu. Kijivu hakigeuzi rangi za vitu. Ni suala la upendeleo.

Ratiba yako, hata hivyo, inafaa sana kioo kinachojibadilisha rangi. Kwenu giza linageuka mchana polepole kiasi kwamba kioo kinawahi, na baridi ya asubuhi inakisaidia kuwa cheusi zaidi. Kwa anayeendesha jioni mambo hugeuka, maana baridi hukichelewesha kurudi kuwa cheupe. Na kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa hakifiki weusi wake kamili. Kwenye njia ya miti, kivuli na jua vikipishana kila sekunde, hakiwezi kufuata. Soma namba kabla ya kulipa: vingi vinauzwa kama daraja 1 hadi 3, na ukiongeza lenzi ya ndani vinakuwa vyeusi mno gizani. Tafuta 0 hadi 3. Uwezo wa kubadilika hupungua baada ya miaka miwili mitatu.

Vioo vya polaraizi, vile vinavyokata mng'aro wa mwanga ulioakisiwa, nisingekununulia. Vinaweza kuifanya skrini ya simu au kompyuta ya baiskeli iwe nyeusi ukiitazama kwa pembe fulani, na mng'aro vinaoufuta ni uleule unaokuonya kuwa kuna maji au mafuta kwenye lami.

Chochote utakachochukua kiwe na UV400, yaani kizuie mionzi ya urujuanimno hadi nanomita 400. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000. Kioo cheusi kisichozuia mionzi hiyo ni kibaya kuliko kutovaa kitu, kwa kuwa mboni inapanuka na kuikaribisha. Ile nyama inayoota kutoka kona ya jicho kuelekea kwenye mboni inahusishwa na jua, na waendesha baiskeli wetu wako juani saa nyingi. Maduka mengi ya miwani yana kifaa cha kupima UV, ni kazi ya sekunde chache.

Ukiipata miwani, ijaribu ukiwa na helmeti, umeinama kama unashika mpini wa chini. Macho yako yanatazama kupitia sehemu ya juu kabisa ya lenzi, na hapo ndipo ukingo wa juu wa kifremu unapokatiza barabara. Kama unakatiza, rekebisha vishikio vya puani ili miwani ipande. Pepesa macho: kope zikigusa lenzi za ndani, zitapakwa mafuta ndani ya dakika kumi, bana vishikio vya puani visogeleane ili lenzi ziende mbele, au badilisha mfano. Mikono ya miwani ipite nje ya kamba za helmeti, isigongane na kikaza helmeti kisogoni.

Lenzi za kuvaa ndani ya jicho ni njia ya tatu. Kwako kulia ingekuwa −4.00 na kushoto −3.50 ya toriki (lenzi ya kurekebisha silinda) yenye silinda −1.25 kwa mhimili 170, namba zikishushwa kwa sababu lenzi imesogea hadi kwenye jicho. Thibitisha kwa kipimo. Chukua za siku moja, usizioshe wala kuzilowesha kwa maji ya bomba, na vaa miwani ya michezo isiyo na namba juu yake. Vumbi la malori likiingia chini ya lenzi utalazimika kusimama. Kwa siku ya mashindano ningezipendelea kuliko kifremu, kwa mazoezi ya kila wiki hapana.

Kuosha: maji yanayotiririka kwanza, tone la sabuni ya vyombo isiyo na losheni, suuza, kisha kitambaa cha mikrofaiba. Ukifuta kavu, mchanga unakwangua. Jasho na mafuta ya kujikinga na jua yasilale juu ya lenzi hadi jioni, na dawa ya mbu yenye DEET huyeyusha baadhi ya plastiki, basi nawa mikono kabla ya kubadilisha kioo. Usiiache kwenye dashibodi ya gari: plastiki inatanuka kuliko koti lake, nalo linapasuka nyufa ndogo ndogo ambazo hakuna fundi wa kuziondoa.