Mzazi wa shule ya kutwa, usiishie getini

Watu wengi ukiwaambia mzazi ashiriki kwenye uendeshaji wa shule wanafikiri ni kuchanga pesa tu, au kwenda mkutano mara moja kwa mwaka ukae kiti cha nyuma karibu na mlango ili uchomoke mapema. Mimi nina watoto shule ya msingi ya kutwa hapa Kampala, shule ya serikali hizi za UPE (mpango wa elimu ya msingi kwa wote), na nimekaa PTA, chama cha wazazi na walimu, kama mwakilishi wa darasa, na naona wazazi wa shule za kutwa tuna nguvu kubwa sana ila tunaimalizia WhatsApp.

Mzazi wa bodingi anamwona mtoto siku ya kutembelea, siku ambayo bweni limedekiwa na nyama ipo kwenye sahani. Sisi mtoto tunaye kila jioni. Tunajua amekula nini, tunajua mwalimu wa hesabu hakuingia darasani wiki nzima, tunajua choo cha shule kimeziba manake mtoto akifika nyumbani anakimbilia chooni hata begi hajatoa mgongoni. Hiyo ni ripoti ya kila siku na ya bure, halafu tunafanya nayo nini? Saa nne usiku mtu anaandika kwenye grupu "hii shule imeharibika kabisa", wengine wanaweka vidole gumba na vile vikatuni vya kulia, asubuhi kila mtu anapitisha mtoto getini kwa boda anaenda zake kazini, ofisi ya hedimasta hakuna aliyeingia.

Kwanza jua nani ni nani. Kwenye shule ya msingi ya serikali chombo ambacho sheria ya elimu ya 2008 inakipa kazi ya kusimamia shule ni kamati ya shule, ile watu wanaita SMC, na humo wamo watu wa mwanzilishi wa shule (kanisa au msikiti, inategemea), watu wa serikali za mitaa, walimu, na mzazi aliyechaguliwa na wazazi wenyewe. Sekondari ni bodi. PTA ni kitu kingine, kinaweza kusukuma mambo mengi lakini si SMC. Nasema hivi manake nimeona watu wanagombana na mwenyekiti wa PTA kuhusu mambo ambayo hata yeye anayasikia tu kama wao. Muulize hedimasta moja kwa moja: mzazi wetu kwenye SMC ni nani, na alichaguliwa lini? Ukiona majibu yanazunguka ujue hapo ndipo pa kuanzia.

Halafu chakula. Pesa ya serikali ya UPE haipiki chakula cha mchana, na sheria hiyohiyo inaweka kulisha mtoto upande wa mzazi, kwa hiyo posho (ugali wa mahindi) na maharage ya shule ni pesa yetu kwa makubaliano yetu. Hapo hakuna mtu wa kukuambia hayakuhusu. Kwetu wazazi walikuwa wanalalamika watoto wanarudisha posho, haina ladha, tumbo linauma. Badala ya kuandika barua ndefu tuliomba kuona stoo, tukaenda watu wachache, na tukamchukua mama mmoja anayeuza unga kule Kisenyi kwenye vinu. Mama hakusema kitu. Alifungua gunia, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko akatoa unga wa katikati, akausugua kati ya vidole, akaunusa, akauliza risiti iko wapi. Risiti imeandikwa namba wani, bei ya namba wani. Akamwambia hedimasta kwa heshima kabisa, "Mwalimu, huu ni namba mbili, pumba zake hizi hapa," akamfungulia kiganja. Mtu wa stoo akaanza kutafuta funguo ambazo alikuwa amezishika mkononi.

Hakuna aliyefungwa, na sijui kama aliyekuwa anakula hiyo tofauti ni wa shule au ni msambazaji. Ila kuanzia hapo gari la unga likija lazima mzazi mmoja awepo, anasaini na yeye, na yule mama ndiye anafundisha wenzake kuangalia unga. Ndiyo maana nasema shule haihitaji mzazi mwenye digrii tu. Fundi bomba aangalie vyoo, fundi umeme aangalie waya za darasa la tatu, P.3, mtu wa boda aseme getini asubuhi kuna hatari gani. Kila mtu alete anachokijua, usimsukumie kila kitu mwenyekiti halafu umlaumu.

Kuhusu pesa ya serikali, soma ubao wa matangazo. Naona watu wanaupita kama ukuta. Miaka ya tisini hapa Uganda ulifanyika uchunguzi ukakuta kati ya 1991 na 1995 shule zilikuwa zinapata kama asilimia 13 tu ya ile ruzuku zilizotakiwa kupata, nyingine zote zinapotea njiani. Serikali ikaanza kutangaza kwenye magazeti pesa iliyotumwa na shule zikaambiwa zibandike kilichofika, na hali ikabadilika sana. Kwa hiyo kile kikaratasi kina kazi. Kama hakipo, omba kibandikwe, omba kwa sauti ya kawaida, usianze na neno wizi. Ukianza na wizi mwalimu anajifunga na hupati hata karatasi moja. Ikishindikana kabisa kuna ofisi za elimu za KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, lakini hizo ni za mwisho, si za kutishia nazo watu kila wiki.

Sasa lugha. Mikutano ya shule nyingi hapa mjini ni Kiingereza na Luganda, na sisi wa Kiswahili tupo wengi tu, familia za askari kwenye kambi, Wakongo, Wanubi, watu wa Kenya, tunakaa kimya tunapiga makofi wenzetu wakipiga. Usikubali. Kwenye mkutano wetu mmoja mama wa Kikongo alisimama akasema naomba niseme kwa Kiswahili, watu wakaguna kidogo, mwalimu mmoja akajitolea kutafsiri, na swali lake kuhusu pesa za mitihani ndilo lilichukua muda mrefu kuliko yote siku ile. Tangu 2022 baraza la mawaziri lilipoamua Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, atakayekuambia hapa hatuongei Kiswahili utamuuliza watoto wanafundishwa cha nini.

Walio na watoto shule za praiveti kwenu ni tofauti kidogo, direkta ndiye mwenye mali, na kubadilisha bajeti yake ni ngumu. Ila wazazi wa darasa moja wakiingia ofisini pamoja kabla muhula haujafungwa anawasikiliza, manake hicho ndicho kipindi anachohesabu nani atarudi.

Na jambo la muda, nalisikia kila siku, ati nafanya kazi siwezi kuja. Ni kweli, mtu wa soko Jumatano saa tatu asubuhi hawezi kuacha kibanda. Basi ombeni mkutano uhamishwe, sisi tuliomba Jumamosi mchana na waliokuja waliongezeka mpaka viti vikaisha, wanaume pia walionekana, ajabu. Sasa hivi tunabishana juu ya kochingi ya asubuhi, yaani masomo ya ziada, ya P.6 na P.7, shule inataka kila mzazi alipe, watoto waingie kabla ya saa kumi na mbili na nusu, bado giza. Mimi nimesema kabla ya kupiga kura tuletewe kwenye karatasi nani anafundisha, analipwa ngapi, na asiyelipa mtoto wake atakaa wapi saa hiyo. Karatasi imeahidiwa Jumamosi.