Kijiwe cha Spana: Foki ya Shokapu Imepinda, Nichomelee au Ninunue Nyingine?

*Shikamoo fundi. Nina baiskeli ya mtumba ya tairi inchi 26, foki ya mbele, yaani uma unaoshika gurudumu, ina shokapu. Kila asubuhi napeleka mikate kutoka Kisesa hadi Igoma, kreti moja nyuma. Juzi nilikuwa nakwepa daladala nikaingia mtaroni, nikagonga jiwe. Tangu siku hiyo gurudumu la mbele linalalia kushoto, mguu wa kulia wa shokapu unakwama, na kuna mafuta meusi yanachuruzika. Fundi mmoja kasema atapasha moto anyooshe. Wa pili kasema atachomelea. Wa tatu ana shokapu ya mtumba pale soko la Mlango Mmoja, Mwanza. Mfukoni nina elfu sabini tu. Nifuate ushauri wa nani? – Muuza Mikate, Kisesa*

Marahaba mwanangu, na pole kwa mtaro. Wale mafundi wawili wa kwanza waage kwa heshima, baiskeli ondoka nayo.

Chuma ukikipasha moto kinakuwa chekundu, fundi anaona afike wapi na aishie wapi. Lakini shokapu nyingi zina alumini ndani yake, na alumini haikuonyeshi rangi yoyote. Inapoteza ugumu wake mapema sana kabla ya kuyeyuka, na kwa macho utaiona ni ileile. Unyooshewe leo, upendeze, kisha siku moja unashika breki kwenye mteremko foki inakatika. Foki ya mbele ikikatika haikupi nafasi ya kuruka, unatua kwa uso. Halafu miguu ya chini ya shokapu nyingi ni ya magnesiamu. Chembe za magnesiamu zikishika moto ukazimwagia maji, ndiyo kwanza moto unapanda. Anayetaka kuchomelea kitu hicho barazani kwake hajui ameshika nini.

Sasa, kabla ya kutoa hata shilingi, hakikisha mgonjwa ni foki kweli. Fungua gurudumu la mbele, ligeuze upande wa kulia uwe kushoto, lifunge tena. Likihamia kulalia kulia, tatizo ni gurudumu lenyewe, na hapo ni kazi ya kukaza spoku tu. Likibaki kulalia kushoto, foki imepinda. Usiruke hatua hii, nimeona watu wakinunua foki kwa kosa la spoku.

Ikiwa ni foki, angalia imeumia wapi. Kuna sehemu za kuteleza: mabomba ya juu yanayong'aa, sili za mpira, na bushi za ndani, zile pete zinazozuia bomba lisicheze. Hizo zikichoka zinauguzwa. Na kuna sehemu zinazokubeba wewe na mikate yako: shingo inayoingia kwenye fremu, bega pale miguu miwili inapokutana, na midomo inayoshika ekseli. Hizo zikipinda au zikipata ufa, foki imekufa. Hakuna uuguzi.

Ufa mdogo hauonekani hivihivi. Safisha bega vizuri, paka mafuta ya taa, subiri kidogo, futa mpaka pakauke kabisa, kisha nyunyiza unga wa chaki ya shule. Mafuta yaliyojificha kwenye ufa yatapanda juu na kuchora mstari kwenye chaki. Ukiuona mstari huo, acha kuipanda leo hii. Usiache mafuta ya taa yaguse sili, mpira unavimba. Angalia na fremu pia, chini ya shingo pale mabomba makubwa mawili yanapoungana. Rangi ikiwa imejikunja au imepasuka hapo, niandikie tena kabla hujanunua chochote, maana foki mpya haitakusaidia.

Kwa dalili ulizonieleza, gurudumu kulala na mguu mmoja kukwama kwa pamoja, mimi nahesabu foki yako imekwisha. Tubaki na yule wa Mlango Mmoja. Sina ugomvi na mtumba, ila nenda na futi ya kupimia, na baiskeli iwe nawe.

Shingo kwanza. Baiskeli nyingi za aina yako zinatumia shingo ya inchi moja na moja ya nane, yaani milimita 28.6, nyoofu kutoka juu hadi chini. Za kisasa zinapanuka kwa chini hadi inchi moja na nusu, hizo haziingii kwenye fremu yako. Foki ya baiskeli za Phoenix nayo sahau, shingo yake ni nyembamba na ina nyuzi za kukaza nati. Urefu wa shingo ndipo watu wanapolizwa: foki ya mtumba ilishakatwa kufuata fremu ya mwenyewe wa kwanza. Ikiwa ndefu kuliko yako, utakata kwa msumeno wa chuma. Ikiwa fupi hata kwa sentimita mbili, rudisha mezani, na akikuambia ataunga kwa kuchomelea umeshajua jibu langu.

Breki nayo. Kama unatumia breki za mpira zinazobana ringi, foki lazima iwe na vile vijiti viwili vya kufungia. Kama ni za diski, lazima iwe na sikio la kushikia breki. Ekseli ya kawaida ni ya milimita 9. Zipo foki zinazotaka ekseli nene ya milimita 15, na habu yako, yaani kitovu cha gurudumu, haitakubali. Kisha ibonyeze foki mara kadhaa kwa uzito wako wote. Ipande na kushuka bila kukwaruza. Pitisha kucha kwenye bomba linalong'aa, na kucha ikikwama kwenye kutu, punguza bei au ondoka.

Ila ningekuwa wewe nisingenunua shokapu kabisa. Barabara ya Kisesa hadi Igoma ni lami, na mzigo wako uko nyuma. Shokapu ya bei ya chini ni nzito, inakula nguvu zako kila unaposimama kukanyaga, na baada ya masika mawili itakuwa inavuja tena. Tafuta foki ngumu ya chuma, isiyo na shokapu. Haina sili, haina bushi, haina cha kuvuja. Mitetemo iliyobaki tairi pana litaimeza, usilijaze upepo likawa jiwe.

Sharti moja: ulinganishe urefu. Pima foki ya zamani kuanzia inapokalia gololi za chini hadi katikati ya ekseli, kisha toa milimita 20 hadi 25, kwa sababu shokapu hunywea kidogo ukishakaa. Ikiwa ya zamani ni milimita 470, tafuta ya karibu na 445. Ukiweka fupi mno, baiskeli inainama mbele, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi na pedeli zinagusa chini kwenye kona. Kiasi kitakachobaki kwenye elfu sabini yako nunua gololi mpya na grisi, kwa kuwa shingo itakuwa imeshafunguliwa.

*Fundi, mimi sijaanguka popote. Shokapu inagonga ko-ko nikishika breki ya mbele. Nakaa karibu na ufuko, mchanga ni mwingi. Nibadilishe sili? – Mwalimu, Ukerewe*

Mwalimu, sili haigongi. Bana breki ya mbele, weka kidole pale bomba la juu linapoingia kwenye la chini, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mchezo hapo, yaani kulegea, bushi zimelika. Hamishia kidole kwenye shingo. Mchezo ukiwa huko, kaza shingo tu, na mara nyingi dawa inakuwa hiyo.

Kama ni bushi na shokapu ni ya springi ya kawaida, legeza bolti mbili za chini kabisa ya miguu, vuta miguu ya chini itoke, toa mchanga kwa kitambaa na maji ya sabuni, kausha, paka grisi safi, rudisha. Mchezo hautaisha, lakini kulika kutapungua. Bomba likiwa na mkwaruzo, lainisha kingo zake kwa msasa mwembamba wa namba 1000 wenye maji, jaza kwa rangi ya kucha isiyo na rangi, ikikauka piga msasa tena. Muombe shemeji, atakupa na ushauri. Oili chafu ya pikipiki usiimwagie kamwe, inakusanya mchanga wote wa Ukerewe.

*Shokapu yangu ni ya upepo. Gereji wanaweza kujaza kwa kompresa? – Kijana wa Sengerema*

Hapana. Chumba cha hewa ni kidogo mno, kompresa inaweza kupasua sili kabla hujasema basi. Pampu ya kawaida ya tairi nayo inapoteza upepo unapoichomoa. Kuna pampu ndogo ya mkono yenye geji, imetengenezwa kwa shokapu za upepo. Azima au nunua, na usizidi namba iliyoandikwa kwenye mguu wa foki. Ukikaa, ishuke kama robo ya urefu wake wa kuteleza. Ikishuka zaidi ya hapo, ongeza kidogo.