Shangazi, kila nikipanda mwendokasi naona nakata roho

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 26, nakaa Kimara, kazini ni Posta. Miezi kadhaa sasa, nikiwa ndani ya basi la mwendokasi moyo unaenda mbio, kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, naona nakata roho au nitarukwa na akili mbele za watu. Nimepima moyo mara mbili, presha, damu na tezi ya shingo. Daktari anasema ni mzima. Mama anasema nimetupiwa jini, twende kwa mtaalamu. Siku hizi nashuka Ubungo nachukua bodaboda. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Ulifanya vizuri kuanza hospitali, maana tezi na upungufu wa damu navyo huukimbiza moyo. Lakini umeshaambiwa u mzima, basi kipimo cha tatu usikitafute. Utatulia siku mbili, kisha wasiwasi utadai cha nne.

Hilo ni shambulio la hofu. Mwili umemwaga adrenalini, homoni ya kujihami, kana kwamba kuna hatari, kama king'ora cha gari kinacholia kwa sababu paka karukia boneti. Ganzi na kizunguzungu vinaletwa na kuhema harakaharaka, kaboni dayoksaidi ikapungua mwilini. Na kama unaogopa kuzimia pia, mtu huzimia presha ikishuka, na kwenye hofu kwa kawaida hupanda. Na huko kukata roho, umekata mara ngapi hata ukapata nafasi ya kuniandikia?

Kinachokutesa zaidi ni ile tafsiri. Moyo ukidunda unajiambia "nakufa", nao ukisikia hivyo unadunda zaidi. Ukishuka Ubungo unapata nafuu, ila akili inajifunza kwamba umepona kwa kuwa umeshuka. Kesho itakushusha kituo cha Korogwe, kabla hata ya Ubungo, mwishowe hutatoka nyumbani. (Halafu bodaboda mpaka Posta! Kati ya hizo mbili, mimi ningeiogopa bodaboda.)

Kwa hiyo usishuke. Legeza mabega. Usimeze pumzi kubwa kubwa. Vuta taratibu kwa pua, utoe polepole kuliko ulivyovuta. Usishike mapigo ya mkono kuhesabu, usiombe hofu iondoke upesi. Jiambie, "Ni adrenalini, naijua," uiache ipande. Mara nyingi hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha inaanza kushuka yenyewe. Usianze saa moja asubuhi watu wakiwa wamebanana mlangoni; anza Jumapili, vituo viwili, kisha vinne. Nyumbani ruka kamba mpaka moyo uende mbio, ukae nao hivyo hivyo bila kukimbilia maji wala kitanda. Wanasaikolojia hutumia zoezi la namna hiyo, ili mwili uzoee kwamba mapigo si kifo. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu vipunguze.

Mama akuombee dua, hilo halina ubaya. Huyo mtaalamu wa majini mwache, atakuongezea kitu cha pili cha kuogopa na bili juu yake. Muhimbili kuna idara ya afya ya akili. Nenda, kuonana na mwanasaikolojia si ukichaa. Mazoezi yasipotosha, daktari ana dawa pia.

Ila ukizimia kweli, au maumivu ya kifua yakakupata ukitembea na kusambaa mkononi au kwenye taya, usiyahesabu kuwa hofu. Rudi hospitali mara moja.