Mwanangu, rangi ya viatu

Mwanangu,

Umeniuliza kama kwenye baleti ya Giselle uvae viatu vya rangi ya waridi, anavyotaka mkuu wa kundi lenu, au upake vyako rangi ya mguu wako. Kwanza kupaka kwenyewe, maana hapo ndipo wengi huharibu.

Tafuta faundesheni inayolingana na mguu, si uso. Wewe miguu imekoza zaidi. Tia kidogo kwenye sponji kavu, gongagonga, usisugue. Tabaka la kwanza likauke kabisa ndipo uongeze la pili. Ukilowesha kichwa cha kiatu, pale unaposimamia ncha za vidole, umekiua: ni vitambaa na karatasi zilizoshikwa kwa gundi, na gundi ikinywa maji hulegea, vidole vikazama. Shona utepe na lastiki kabla ya kupaka, navyo uvipake, la sivyo utepe wa waridi utakata mstari wa mguu kifundoni. Taiti pia zilingane.

Mstari wa mguu usikatwe. Hilo nimekuimbia tangu mdogo. Waridi iliwafaa wenye miguu myeupe kwa sababu kiatu kiliendeleza mguu hadi nchani. Kwako sababu hiyohiyo inataka kahawia. Arthur Mitchell alianzisha Dance Theatre of Harlem, kundi la baleti la Weusi huko New York, mwaka 1969, na mchezaji wake Llanchie Stevenson ndiye aliyemwomba ruhusa ya kuvaa taiti za rangi ya ngozi yake mwenyewe. Miaka ya 1970 kundi zima likafuata, taiti na viatu. Freed wa London, watengenezaji wa viatu vya baleti, wakishirikiana na kundi la Ballet Black, walitoa viatu vya kahawia 2018. Hesabu mwenyewe hiyo miaka ya sponji!

Ndiyo maana onyesho lako la kwanza linaniuma mpaka leo. Yule mwalimu alikuvua viatu nilivyopaka, pazia li karibu kufunguliwa, akakupa vya waridi vilivyokubana. Ulicheza umekunja vidole. Baba yako hataki hata kuusikia ukumbi ule.

Lakini kitendo cha pili cha Giselle nacho kina mambo yake. Wale Wili ni roho za wasichana waliokufa, wote wamevaa nyeupe, wanakwenda kama mmoja. Anayetofautiana jicho humfuata. Hapo mkuu wenu ana hoja. Ila mbona mikono na nyuso zenu hazifanani, na roho zinabaki roho? Harlem waliihamishia hadithi hiyohiyo ya Giselle Louisiana mwaka 1984, na ikasimama.

Langu unalijua, nalizuia kwa shida. Wewe ndiye wa kufanya mazoezi na mkuu wenu kila asubuhi. Mwombe zoezi moja la mavazi uvae vilivyopakwa, naye akutazame kutoka viti vya nyuma kabisa. Paka jozi mbili, ya kwanza ikilegea uwe na nyingine.

Mama yako