Msisingizie springi: maswali ya turbo wiki hii

Barua za safari hii karibu zote zinahusu daivata ya gari la turbo (ile feni inayoisukumia injini hewa kwa nguvu), yaani ile vali inayopumua "pshh" dereva akiachia mafuta. Na karibu zote zimeshamhukumu springi kabla hata boneti haijafunguliwa.

Shikamoo fundi. Forester yangu ya turbo haina nguvu kama zamani. Gereji wamesema springi ya daivata imechoka, niweke ngumu ili presha ya turbo ipande. Ni kweli? (Igoma)

Marahaba. Si kweli, na swali hili nimelijibu mpaka nimechoka kuliko hiyo springi. Inayopanga presha ya turbo ni westigeti, kule upande wa eksozi, ikisaidiana na kontroli boksi. Westigeti nayo ina springi yake, ndiyo maana watu wanazichanganya.

Daivata ina kipaipu chembamba mgongoni kinachotoka kwenye manifodi ya hewa, yale mapaipu yanayogawa hewa kwa silinda za injini. Ukikanyaga mafuta, turbo inaisukuma vali kutoka chini, lakini presha hiyohiyo imeshafika kwenye manifodi, na kupitia kipaipu inaikandamiza kutoka juu. Zinakaribia kulingana, springi inaongezea kidogo tu, vali inabaki imefungwa. Hata presha ikitoka bar 0.8 kwenda bar 1.2, juu na chini vinapanda pamoja. Ukiachia mafuta, mlango wa hewa unafunga, manifodi inakuwa vakyumu, vali inanyonywa juu, na hewa iliyokwama njiani inarudishwa kwenye paipu ya kuingilia turbo. Kazi imekwisha.

Sasa mpira wa ndani ya daivata ukipasuka, au kile kipaipu kikipata ufa, msaada wa juu unapotea. Springi peke yake haibebi bar nzima. Vali inavuja, gari linakuwa zito, na fundi anakuuzia springi ngumu inayokupa nafuu kidogo huku ugonjwa umejificha palepale.

Kipimo hakina gharama. Ifungue daivata, ifute vizuri, nyonya ile nozeli ndogo kwa mdomo kisha izibe kwa ulimi. Ikikung'ang'ania, mpira ni mzima. Ikiwa ni kama unanyonya soda kwa mrija uliotoboka, mchawi umemshika. Mpira ukiwa mzima, hamia kwenye mapaipu ya intakula, ile rejeta inayopooza hewa ya turbo. Mwezi uliopita nililetewa gari lililobadilishwa springi mara mbili, kumbe klempu moja ya paipu ilikuwa imelegea. Bisibisi, dakika tano, mwenye gari akabaki ananitazama.

Nimenunua daivata iliyotumika kwa jamaa wa Dar, kwake haikuwa na shida. Huku nikiachia mafuta taratibu inalia tutututu kama njiwa. Kaniuzia mbovu? (Nyegezi)

Jamaa yako msamehe. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya bahari, na sisi wa Mwanza tumeketi ufukweni mwake. Presha ya hewa Dar ni kama kilopaskali 101, kwetu ni kama 88. Injini ikinguruma bila kukanyagwa, tuseme ndani ya manifodi inabaki 35, Dar na huku. Kinachoinyanyua vali ni tofauti ya ndani na nje: 66 Dar, 53 Mwanza. Kwa geji ya inchi za zebaki, gari lililosoma 19 na nusu kule litasoma chini kidogo ya 16 hapa. Springi iliyokuwa ikinyanyuka vizuri Kinondoni inafika Nyegezi inakuwa ngumu bila kuguswa na mtu.

Ndiyo maana ukiachia ghafla kutoka presha kubwa inafunguka, kwa sababu turbo nayo inasukuma toka chini. Ukiachia taratibu, nguvu haitoshi. Hewa inakosa pa kutokea, inarudi nyuma na kupiga mabawa ya turbo, ndio huo mlio. Weka springi iliyo laini zaidi kwa daraja moja. Na ukinunua springi, chagua kwa namba uliyoisoma kwenye geji ya gari lako likiwa hapa Mwanza. Namba ya kuambiwa na mtu wa pwani iache pwani.

Najua wapo vijana wanaoutafuta mlio huo makusudi na kwenda kuonyeshana usiku kule daraja la Kigongo–Busisi. Anayebeba yale mapigo ni beringi ya turbo, wala halii kwa sauti mpaka siku anapokufa. Na kile mnachokipita kwa kasi pembeni ni watu wenye baiskeli.

Nataka Prado yangu ya dizeli nayo ipumue pshh. Niweke springi gani?

Hakuna. Hii ni barua ya nne ya aina hii, ng'wanawane (mwanangu). Dizeli haipunguzi mwendo kwa kuifungia injini hewa kama petroli, inapunguza mafuta, kwa hiyo hakuna hewa inayokwama. Vile vifaa vinavyouzwa vya kuunganishwa kwenye pedeli vinakutobolea paipu ya turbo, na unalipia tundu.

Naweza kukata springi mizunguko miwili ili iwe laini? (Buzuruga)

Usikate. Springi iliyofupishwa inaanza kuachia mapema, lakini kila milimita inayofuata inakuwa ngumu zaidi ya mwanzo. Vali itavuja unapoitaka ifunge na kugoma unapoitaka ifunguke yote. Anayeongeza washa (vile vipete bapa vya chuma) juu ya springi anakaza tu pale inapoanzia. Hilo angalau unaweza kulirudisha.

Nina Impreza. Nimetoa daivata ya kampuni, nikaweka inayotoa hewa nje, springi laini kabisa. Sasa nikikaribia kusimama inazima, na eksozi inatoa moshi mweusi. (Kirumba)

Gari lako lina sensa inayopima hewa pale inapoingilia kabisa, kabla ya turbo. Kompyuta imeshaihesabu ile hewa na kuitolea petroli, wewe unaitupa nje. Petroli inabaki peke yake, ndio moshi. Halafu kwa springi laini hiyo, vali inabaki wazi injini ikinguruma na kunyonya hewa ambayo haikupimwa, ndio kuzima. Springi ya kati itapunguza kuzima, moshi utabaki. Rudisha ile ya kampuni inayorudisha hewa ndani, kwayo hata ikiachia kidogo gari likiwa limesimama hakuna dhara, maana hewa imeshapimwa. Na hiyo ya kelele muuzie mtu usiyempenda.

Golf GTI ya 2.0 TFSI, fundi ataka kuongeza springi kwenye daivata.

Mzuie. Hiyo inafunguliwa kwa umeme, springi kazi yake ni kuifunga. Ukiikaza, koili (sumaku yake ya umeme) itashindwa kuivuta. Zile za mwanzo zilikuwa na utando wa mpira unaochanika, baadaye zikaja za pistoni. Angalia uliyonayo ni ipi, ununue ya pistoni iliyo halisi, ubadilishe yote.

Springi ngumu inapunguza ulaji wa mafuta?

Hapana.

Daivata ya bluu na ya nyekundu, ipi bora? (Pasiansi)

Bluu inapendeza boneti ikiwa wazi. Ukiifunga, zinalingana.