Niandike waziwazi kuhusu sonona yangu?

Dada, umeuliza kama kuandika waziwazi kuhusu sonona (ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu) uliyopitia kutasaidia wengine au kutakuharibia jina tu. Naamini kutasaidia, tena sana. Unyanyapaa hustawi pale watu wanapodhani hawamjui hata mmoja mwenye tatizo hilo. Wakisoma habari za mtu wanayemfahamu, anayefanya kazi na kucheka nao, ile picha ya "mwendawazimu" inaanza kubomoka. Mwaka 1994 Ronald Reagan, aliyewahi kuwa rais wa Marekani, aliwaandikia wananchi wenzake barua kwa mkono kuwaambia ana ugonjwa wa Alzheimer, unaomfanya mtu apoteze kumbukumbu, akitumaini watu watauelewa zaidi.

Ila usianze kwa kuchapisha. Andika kwanza kwa ajili yako mwenyewe, hata dakika 15 kwa siku. Ukiona maumivu yanazidi, acha kidogo, uzungumze na mshauri nasaha. Kisha tenganisha yaliyo yako kusimulia na siri za ndugu zako ambao hawajakupa ruhusa. Hapo ndipo wengi hugombana na familia. Kutumia jina la bandia si woga hata kidogo. Na usiishie kwenye mateso: eleza pia kilichokupa nafuu, maana msomaji anayeumwa anatafuta hasa hicho.